Tumpimeje Eddie Robinson?

Mheshimiwa Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi na wageni waalikwa,

Nimeombwa nizungumzie urithi wa kocha mmoja wa vyuo, nami nimemchagua Eddie Robinson wa Chuo Kikuu cha Grambling State, katika jimbo la Louisiana nchini Marekani. Mchezo aliofundisha si kabumbu tunayoijua sisi. Ni futiboli ya Kimarekani, ambayo mpira wake una ncha mbili na hubebwa na kurushwa kwa mikono zaidi ya kupigwa kwa miguu.

Wanaomsifu huanza na tarakimu. Kati ya mwaka 1941 na 1997 alishinda mechi 408, akapoteza 165 na kutoka sare 15, zote akiwa na chuo kimoja. Mwaka 1985 alimpita Bear Bryant, kocha wa Chuo Kikuu cha Alabama, aliyestaafu akiwa na ushindi wa mechi 323. Sina ugomvi na hesabu hiyo, ila nasema haisomeki peke yake, kwa kuwa ubaguzi wa rangi uliomfungia Robinson milango ndio huohuo uliomletea wachezaji waliompa ushindi.

Alizaliwa mwaka 1919, akakulia mjini Baton Rouge, na kabla ya kuajiriwa Grambling alikuwa kibarua katika kinu cha kusaga chakula cha mifugo. Alianza kazi ya ukocha akiwa na miaka 22, kwa mshahara wa dola 63.75 kwa mwezi. Mwenyewe alikata nyasi za uwanja, alichora mistari, aliwafunga wachezaji bendeji, na mechi ikiisha aliketi kuandika habari zake ili zipelekwe magazetini. Timu iliposafiri, chakula kilitayarishwa na kubebwa, maana mikahawa mingi ya Kusini mwa Marekani haikumhudumia mtu mweusi. Msimu wa kwanza alishinda mechi 3 na kupoteza 5. Msimu uliofuata alishinda zote 9, na hakuna mpinzani aliyepata hata pointi moja.

Katika miaka hiyo kijana mweusi wa Louisiana, hata awe na nguvu na mbio kiasi gani, hakuweza kuchezea vyuo vikubwa vya wazungu vya jimbo lake wala vya majimbo jirani. Kwa hiyo vipaji vya eneo zima viligawanywa miongoni mwa vyuo vichache vya watu weusi, na Grambling, iliyoko katika mji mdogo kaskazini mwa jimbo, ikapata fungu nono. Paul Younger aliingia ligi ya kulipwa mwaka 1949, wa kwanza kutoka chuo cha watu weusi, na baada yake wakafuata wenzake zaidi ya 200. Mwaka 1963 Buck Buchanan, naye wa Grambling, alikuwa wa kwanza kuchaguliwa kati ya wachezaji wapya wa mwaka huo katika AFL, mojawapo ya ligi za kulipwa. Vyuo vya wazungu vya Kusini vilipoanza kufungua milango, hasa kuanzia miaka ya 1970, vijana wa aina ya Buchanan walivutwa na vyuo vyenye fedha, viwanja vikubwa na televisheni. Haki iliyopiganiwa kwa damu ilipopatikana, Robinson akapungukiwa wachezaji. Sijui kocha mwingine ambaye maendeleo ya watu wake yalimgharimu namna hiyo, na sijawahi kusoma kwamba alitamani yarudi nyuma.

Mahali ambapo mimi ningeuweka uzito wa urithi wake ni katika nafasi moja ya uwanjani, ile ya kwotabeki, yaani mchezaji anayepokea mpira kwanza na kuamua uende wapi. Ligi ya kulipwa iliwakubali weusi kwa mbio na misuli, lakini nafasi hiyo iliaminiwa kuwa ya mtu wa kufikiri na kuongoza, na vijana weusi walioicheza vyuoni walihamishwa mara tu walipofika kwenye kulipwa. Robinson alimwandaa James Harris kuwa kwotabeki tu, asiwe kitu kingine, na mwaka 1969 Harris akaianzia timu ya Buffalo mechi ya kwanza ya msimu katika nafasi hiyo. Zaidi ya miaka 18 baadaye, Januari 1988, mwanafunzi wake mwingine, Doug Williams, aliiongoza timu ya Washington kuifunga Denver 42 kwa 10 katika fainali ya Super Bowl. Williams alirusha pasi 4 za kufunga katika robo moja ya mchezo, akatajwa mchezaji bora wa mechi. Ukiniuliza nichague kati ya ushindi 408 na robo hiyo moja, sitasita.

Hayo hayamwondolei dosari. Mwaka 1967 wanafunzi wa Grambling wenyewe waliandamana wakilalamika kwamba chuo kilikuwa kinatukuza michezo kuliko masomo, na ni vigumu kusema hawakuwa na hoja. Vilevile alikaa mno. Misimu yake mitatu ya mwisho ilimpa ushindi 5, kisha 3, kisha 3, na mwishoni mwa 1996 palikuwa na shinikizo la kumwondoa, mpaka kelele za umma zikamwezesha kupata msimu mmoja wa kuagia. Ofisi akairithi Doug Williams.

Robinson alifariki Aprili 2007. Katika miaka yake yote 56 ya ajira, Grambling haikucheza hata mara moja na LSU, chuo kikubwa cha jimbo kilichoko Baton Rouge alikokulia. Mechi ya kwanza kati yao ilichezwa Septemba 2023, LSU wakashinda 72 kwa 10.