Kabla Hujanunua Kopo la Biotini

Mabibi na mabwana, karibuni. Pitisheni kopo hili, msome maandishi madogo ya nyuma: biotini, yaani vitamini B7, mikrogramu 10,000 kwa kidonge. Mtu mzima hutosheka na mikrogramu 30 hivi kwa siku, na hizo huzipata kwenye mayai, maini na njugu. Je, kidonge kinaotesha nywele? Kwa aliyepungukiwa biotini, ndiyo, ila upungufu huo ni nadra sana. Kwa mwenye afya, ushahidi madhubuti haupo. Kwa kucha zinazopasuka kuna tafiti ndogo za miligramu 2.5 kwa siku, nazo ni dhaifu.

Kinachonitia hofu ni maabara. Vipimo vingi vya damu hutumia biotini kushikiza kinachopimwa. Damu ikijaa biotini ya kidonge, hiyo ndiyo inayokalia nafasi zote, na majibu yanapinda: homoni ya TSH inasomeka chini, homoni ya T4 juu, na mtu mwenye afya kabisa anaambiwa tezi yake ya shingo inafanya kazi kupita kiasi. Mbaya zaidi ni troponini, kipimo cha moyo, inayoweza kusomeka chini ilhali moyo unaumia. Mwaka 2017 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo na kutaja kifo cha mgonjwa mmoja. Tafadhali, acheni vidonge angalau siku 2 kabla ya kupimwa tezi, zaidi kama dozi ni kubwa, na mwambieni anayewatoa damu hata asipouliza.

Nywele zikidondoka kwa wingi, hesabu miezi 2 au 3 nyuma: ulijifungua? Ulipata homa kali? Ulijinyima chakula? Kisha pima feritini, kipimo cha damu kinachoonyesha akiba ya madini ya chuma mwilini. Ikiwa madini ya chuma yamepungua, chai isiandamane na ndengu wala terere, maana chai huzuia chuma kufyonzwa. Subiri kama saa moja, na kamulia ndimu kwenye chakula. Nywele zikikatika pembeni mwa paji tu, mwambie msusi alegeze. Nywele iliyong'olewa na msuko haijui kidonge.

Msichanganye makopo mawili bila kujumlisha. Madini ya seleniamu na vitamini A zikizidi, huangusha nywele zilezile mnazozitafutia dawa, na mjamzito asiguse vidonge vya retinoli, aina ya vitamini A, bila daktari, kwani dozi kubwa humlemaza mtoto tumboni.