Kaskazi Ikiingia, Mkondo wa Mombasa Huenda Wapi?

Assalaam aleikum, wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu.

Kuna jambo nalisikia hata kwa manahodha wazoefu: kwamba kaskazi, ule upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, ikiingia, mkondo nao hugeuka ukateremka kusini. Kwa Mombasa sivyo. Mkondo wetu mkubwa, ule wa Pwani ya Afrika Mashariki, huelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, kuanzia Aprili hadi Oktoba hivi, upepo huo huusukuma kutoka nyuma, ukakimbia hata zaidi ya mita 1 kwa sekunde. Kaskazi huukabili uso kwa uso. Hupungua nguvu, lakini njia yake hauiachi.

Unaogeuka ni mkondo wa Somalia. Kaskazi huuteremsha mpaka ukakutana na wetu huko juu, upande wa Malindi na Lamu, wala si mahali pamoja kila mwaka. Mikondo miwili ikisukumana hivyo, maji hukunja kuelekea mashariki, bahari kuu. Na hapo ndipo penye riziki! Maji baridi ya chini, yenye rutuba, hupanda juu. Vijimea visivyoonekana kwa macho huongezeka, dagaa hufuata, na nyuma ya dagaa jodari na nguru.

Umbo la sakafu ya bahari nalo lina mkono wake. Hapa Nyali ukishavuka mwamba, kilomita chache tu na kina kinaporomoka. Ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, ni tofauti kabisa: ardhi ya bara huendelea chini ya maji mpaka karibu kilomita 60 kabla ya kilindi. Rutuba ikipanda kule hupata uwanja.

Basi mbona watu huona maji yakigeuka? Kwa sababu karibu na ufuo maji ya juu hufuata upepo. Tazameni mto Sabaki unapofurika. Msimu wa kusi tope lake huenda Ungwana; msimu wa kaskazi huja Malindi, bahari ikawa rangi ya chai ya maziwa. Mvuvi wa ndani ya mwamba anasema kweli, kwa bahari aijuayo yeye.

Lakini vijana wetu sasa wanaomba mashua za kuvuka mwamba. Huko nje, mwezi wa Januari, ukizima mashine ukitaraji kaskazi ikuteremshe Diani, huenda mkondo ukawa unakupeleka Kilifi.