Serikali ya Earl Grey 1830 hadi 1834: mageuzi yalimfikia nani?

SALIM: Karibuni tena wasikilizaji, mimi Salim niko na dada Rehema kama kawaida, leo tunaenda Uingereza, serikali ya Earl Grey wa chama cha Whig, iliyokaa madarakani kuanzia Novemba 1830 mpaka Julai 1834.

REHEMA: Asante kaka Salim. Mi naingia moja kwa moja, hii serikali inasifiwa sana aisee, ndo ilopitisha sheria ya uchaguzi ya 1832, ndo ilopitisha sheria ya kufuta utumwa kwenye makoloni 1833, na yote hayo ndani ya miaka isiyofika minne. Siyo mambo madogo. Lakini ukikaa ukafuatilia nani alipata nini unakuta kila mahali wameanza na swali moja tu, huyu ana mali kiasi gani?

SALIM: Tutafika huko. Kwanza tuwaambie watu waliingiaje. Kabla yao waziri mkuu alikuwa Wellington, yule jenerali aliyempiga Napoleon pale Waterloo, sasa Novemba 2, 1830 nchi imechafuka, watu wanadai mageuzi, yeye anasimama kwenye Baraza la Malodi, lile bunge la juu la mamwinyi na maaskofu wasiochaguliwa, anasema mfumo wa uchaguzi uliopo uko vizuri na hatakubali uguswe. Wiki mbili tu akawa ameshaanguka.

REHEMA: Na mfumo wenyewe ulikuwa wa majimbo hewa! Old Sarum palikuwa kilima chenye magofu, hakuna mji pale, lakini kina wabunge 2. Dunwich sehemu kubwa ilishamezwa na bahari miaka mingi nyuma, nayo wabunge 2. Halafu Manchester, Birmingham, Leeds, miji ya viwanda yenye watu wengi kuliko hesabu, haina hata mbunge mmoja wake. Tajiri mwenye ardhi ndo anaamua nani awe mbunge.

SALIM: Sasa Grey mfalme William wa Nne anamwita aunde serikali ana miaka 66, mtu ambaye tangu ujana wake miaka ya 1790 alikuwa anapeleka hoja ya mageuzi bungeni inagonga mwamba. Ila angalia baraza lake la mawaziri, karibu lote ni malodi na watoto wa malodi. Palmerston mambo ya nje, Melbourne mambo ya ndani, Althorp hazina na ndo anaongoza upande wa serikali bungeni, Brougham mwanasheria mwenye mdomo mkali wakampa ulodi awe mkuu wa mahakama. Na Durham, mkwe wake Grey mwenyewe, kaoa binti yake.

REHEMA: Mamwinyi watupu. Na mi sisemi hivyo kuwatukana, nasema kwa sababu inaeleza walichokifanya. Grey alikuwa anaamini usipotoa kidogo leo utapokonywa vyote kesho, na Ufaransa mapinduzi yalikuwa yametoka kutokea Julai ya mwaka huohuo wa 1830. Kwaiyo lengo lilikuwa kuwavuta watu wa kati, wenye maduka, wenye viwanda, wawe upande wa mamwinyi kabla hawajaungana na maskini.

SALIM: Na maskini walikuwa wameshaanza. Kusini mwa Uingereza vibarua wa mashambani walikuwa wanavunja mashine za kupura ngano maana zinawanyang'anya kazi ya msimu wa baridi, wanachoma mazizi na maghala.

REHEMA: Kaka hapo ndo pananiuma. Kazi ya kwanza ya serikali hii ya mageuzi, kabla ya mswada wowote, Melbourne anapeleka majaji maalum mikoani, watu 19 wananyongwa na mamia wanapelekwa Australia kwenye vifungo. Vibarua wa njaa wale, wamevunja mashine. Yaani wanatajwa harakaharaka kisha watu wanakimbilia 1832, mi naona hapo ndo ungeanzia kuijua hii serikali.

SALIM: Ni kweli. Haya, mswada wenyewe, Machi 1, 1831 Lord John Russell anausoma bungeni, mtu mfupi mdogo wa sauti ndogo, anataja moja moja majimbo yatakayofutwa, na wabunge wa hayo majimbo wamekaa palepale, upande wa upinzani wanacheka maana hawakutegemea kitu kikubwa namna hiyo. Halafu usiku wa Machi 22 inapigwa kura ya kusomwa mara ya pili. Utaratibu wa enzi hizo upande mmoja unatoka nje kuhesabiwa, mwingine unabaki ndani ya ukumbi. Wanaounga mkono wamebaki, wanahesabiwa benchi kwa benchi, wanapata 302, halafu wanasubiri milango ifunguliwe, hawajui wapinzani walioko nje wako wangapi. Wakaja kusikia, 301.

REHEMA: Kura moja!

SALIM: Kura moja tu, saa za alfajiri, watu wakapiga kelele, wengine wakalia. Ila kura moja haitoshi kupitisha mswada mkubwa hivyo, Aprili wakashindwa kwenye kipengele kimoja, Grey akamwomba mfalme avunje bunge, na mfalme akaenda mwenyewe kulivunja. Uchaguzi ukaja Whig wakashinda kwa kishindo, mswada ukarudi bungeni ukapita, ukaenda kwa Malodi, Oktoba 8 wakaukataa kwa kura 199 kwa 158, na maaskofu 21 wakiwa upande wa hapana.

REHEMA: Na hapo nchi ikawaka. Nottingham kasri la duke likachomwa, Bristol siku tatu za vurugu, nyumba ya askofu ikachomwa na magereza yakafunguliwa.

SALIM: Mswada ukaletwa upya, Mei 1832 Malodi wanaanza tena kuukwamisha, Grey anamwambia mfalme teua malodi wapya wa kutosha tuwazidi kura, mfalme anagoma, Grey anajiuzulu. Wellington anaitwa aunde serikali, anahangaika siku kadhaa hapati watu, huku mitaani mabango yanawaambia wananchi nendeni benki mkatoe dhahabu zenu ili mumzuie Wellington. Mfalme akakubali yaishe, Grey akarudi, Malodi wakaambiwa wazi kwamba wakiendelea kukataa watajaziwa wenzao, wengi wakaamua kutokwenda kikao. Juni 7, 1832 ikawa sheria.

REHEMA: Majimbo hewa 56 yakafutwa kabisa, Manchester na wenzake wakapata wabunge, safi. Lakini nani anapiga kura? Mjini lazima uwe kwenye nyumba yenye thamani ya pango ya paundi 10 kwa mwaka. Kwa makadirio mwanaume 1 kati ya 5 ndo akawa na kura. Wale waliojaa barabarani Birmingham na Bristol, wafanyakazi, wengi wao hawakupata chochote. Na kwa wanawake ndo kwanza sheria ikaandika waziwazi kwamba mpiga kura ni mwanaume, zamani ilikuwa desturi tu, sasa imeandikwa.

SALIM: Tuje kwenye utumwa sasa maana najua umekuja na hilo.

REHEMA: Nimekuja na hilo. Desemba 1831, sikukuu ya Krismasi, watumwa Jamaica wanagoma na kuinuka, makumi ya maelfu, kiongozi wao Samuel Sharpe, mhubiri wa Kibaptisti. Wakakandamizwa vibaya sana, zaidi ya 300 wakauawa kwa hukumu za mahakama, Sharpe mwenyewe akanyongwa Mei 1832, mwezi uleule London wanagombania kura. Serikali ikaona mfumo huu hauzuiliki tena, na wanaharakati nao wanamimina maombi bungeni. Mwaka 1833 Stanley, waziri wa makoloni, analeta mpango. Mwanzoni ni mkopo wa paundi milioni 15 kwa wenye watumwa, wamiliki wa mashamba wakalalamika, ikageuka kuwa zawadi, milioni 20. Karibu asilimia 40 ya matumizi ya serikali kwa mwaka mzima! Deni lililotokana na hiyo fidia Waingereza walimaliza kulilipa 2015.

SALIM: Na waliokuwa watumwa, watu kama laki 8?

REHEMA: Hawakupewa hata senti. Juu ya hapo wakawekewa kipindi cha kuitwa wanagenzi, yaani watu wanaojifunza kazi, wa mashambani miaka 6, wanaendelea kumfanyia kazi bwana yuleyule bila ujira sehemu kubwa ya wiki. Na fidia ilivyopangwa, kaka, wale watu waligawanywa kwa madaraja, wa shambani, wa nyumbani, mafundi, kila daraja na bei yake kufuatana na bei za soko za miaka iliyotangulia. Kulikuwa na daraja la watoto chini ya miaka 6, na daraja la wazee na wagonjwa wasioweza kazi, hao bei yao ya chini. Mtoto wa miaka minne anaambiwa yuko huru na mwenye mali analipwa kwa ajili yake.

SALIM: Na Mauritius imo.

REHEMA: Imo, na hapo inatugusa sisi huku pwani. Kile kisiwa kilipokuwa cha Wafaransa walichukua watu Msumbiji na Kilwa, kuna Mfaransa Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa mwaka 1776 wa watumwa 1000 kila mwaka. Waingereza wakakiteka 1810. Kwaiyo kwenye zile milioni 20, zaidi ya paundi milioni 2 zilienda kwa wamiliki wa Mauritius, na waliokuwa wanalipiwa wengine ni watu wa kwetu na watoto na wajukuu zao. Sheria ilianza kule Februari 1835, uanagenzi ukaisha 1839.

SALIM: Ndani ya serikali hakuna aliyekataa?

REHEMA: Yupo, Lord Howick, mtoto wa Grey mwenyewe, alikuwa naibu pale wizara ya makoloni. Alitaka uhuru kamili mara moja, akaona mpango wa Stanley haufai, akajiuzulu 1833. Baba yake akaendelea na Stanley.

SALIM: Na huyohuyo Stanley mwaka mmoja mbele akamkimbia. Mei 1834 serikali inataka kugusa mapato ya kanisa la Kianglikana Ireland, nchi ambayo wengi ni Wakatoliki, Stanley anaondoka na Graham na mawaziri wengine wawili. Julai ugomvi mwingine wa Ireland, sheria za ukandamizaji, Althorp anajiuzulu na Grey naye amechoka anaondoka. Akapewa nafasi Melbourne.

REHEMA: Yule wa majaji maalum.

SALIM: Huyohuyo.