Orodha Moja Badala ya Vitu 47

Naona wengine mmeshaanza kucheka. Ndiyo, ni assign tena, ile amri ya R, lugha ya kompyuta ya takwimu, inayokipa kitu jina, na mtanivumilia.

Mtu ana jedwali la kaunti zote 47 za Kenya ndani ya R, na anataka kila kaunti iwe kitu kinachojitegemea, chenye jina lake. Anaandika funksheni, yaani kifurushi cha amri, ndani yake lupu, yaani amri za kurudiwa kwa kila kaunti, ndani ya lupu assign(jina, sehemu). Anaiendesha. Kimya. Akiita Kwale, haipo! Itakuwepo vipi? Imeundwa ndani ya funksheni, na funksheni ilipomaliza kazi iliondoka na vyake. Badala ya kujiuliza, bwana huyu anaongeza envir = .GlobalEnv, na vitu vyote 47 vinamwagika kwenye mazingira makuu, pale R inapohifadhi vitu vya mtumiaji. Amefurahi.

Kwale anaipata, Mombasa anaipata. Kisha anaandika Elgeyo-Marakwet, na R inamwambia hakuna kitu kinachoitwa Elgeyo. Kile kistari imekisoma kuwa alama ya kutoa: Elgeyo kutoa Marakwet! Tana River ina nafasi katikati. Murang'a ndiyo kiboko: R ikiona ritifaa inadhani umefungua nukuu, inakaa kukusubiri uifunge. Na assign haikulalamika hata kidogo, maana yenyewe hupokea maandishi yoyote kuwa jina.

Andika split(jedwali, jedwali$kaunti), basi, ikukatie jedwali kaunti kwa kaunti. Unapata orodha, kila kipande na jina lake, na orodha[["Elgeyo-Marakwet"]] inaitika bila ugomvi. Funksheni yako irudishe orodha hiyo. Ukitaka wastani wa kila kaunti, lapply ipo, inayotumia funksheni moja kwa kila kipande cha orodha. Yule mwenzetu je? Ataandika lupu nyingine na get, amri ya kuita kitu kwa jina lake, avisake vitu alivyovitawanya mwenyewe.

"Sasa mwalimu, kama assign ni mbaya mbona wameiweka?" Nani kasema ni mbaya? Fungua mazingira yako kwa new.env(), weka humo unachotaka, sitakugusa. Ninachokataa ni kumwaga vitu kwa mwenzako. Kama tayari alikuwa na jedwali lake aliloliita Nairobi, akiita funksheni yako limekwenda, bila hata onyo.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na <<-, alama nyingine ya kukipa kitu jina, sijaigusa. Haraka basi: kutoka ndani ya funksheni hupanda nje, mazingira kwa mazingira, ikitafuta jina, ikilikuta, inabadilisha kilichomo, isipolikuta, inaliunda kwenye mazingira makuu. Madhara ni yaleyale, ila kwa herufi chache. Mengine mtasoma nyumbani.