Rubani Leul Abate: Mara ya Tatu Kutekwa

REHEMA: Haya wapenzi wasikilizaji, karibuni. Leo Salim ametuletea rubani.

SALIM: Kapteni Leul Abate, Mwethiopia. Tarehe 23 Novemba 1996 alikuwa anatoka Addis Ababa kuja hapa Nairobi, ndege namba 961 ya shirika la Ethiopian Airlines, Boeing 767, watu 175. Hawajamaliza hata nusu saa angani, vijana watatu wakavamia chumba cha marubani. Wanataka Australia.

REHEMA: Australia! Kwa mafuta ya Nairobi?

SALIM: Ndiyo hiyo sasa. Walikuwa wamesoma kwenye jarida la ndegeni kwamba ndege aina ile inaweza kwenda mbali hivyo. Leul akawaeleza, mafuta hayafiki hata robo ya njia. Wakaona anawadanganya.

REHEMA: Mimi hapo ningeshazimia, kaka yangu.

SALIM: Yeye hakuwa mgeni wa mambo hayo. Alishatekwa mara mbili kabla, mwaka 1992 na 1995. Kwa hiyo akafanya ujanja: badala ya kukata bahari, akashuka kusini akifuata pwani ya Afrika. Wale wakaja kugundua bado nchi kavu inaonekana, wakamlazimisha ageuke mashariki. Akageuka, lakini kimyakimya akaelekeza pua Komoro.

REHEMA: Watu wanamsifia kwa ile dakika ya mwisho, alipoishusha ndege majini. Mimi naona kazi yenyewe ilikuwa yale masaa ya kubishana kwa adabu na mtu aliyeshika shoka.

SALIM: Kabisa. Mafuta yakaanza kwisha, injini ya kwanza ikazima, akashika kipaza sauti akawaambia abiria wawakabili watekaji. Alitaka kutua uwanja wa ndege wa Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, ila purukushani na mtekaji ikampotezea uwanja. Injini zote kimya. Rubani msaidizi, Yonas Mekuria, aliyekuwa amepigwa na kutolewa nje, akarudi na majeraha yake kumsaidia. Wakateremka karibu na ufuo wa hoteli ya Galawa, wakijaribu kwenda sambamba na mawimbi. Bawa la kushoto likagusa maji kwanza, ndege ikakatika vipande.

REHEMA: Ile video ya ajali aliyoichukua mtalii aliyekuwa ufukweni, nimeiona mara moja tu, sirudii.

SALIM: Walipona 50. Waliofariki ni 125, pamoja na watekaji wote watatu. Mwenzetu Mohamed Amin, mpiga picha wa Nairobi aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia ya 1984, alikuwa humo.

REHEMA: Mola amrehemu. Na lile suala la majaketi ya kuokolea?

SALIM: Wengi waliyajaza hewa wakiwa bado ndani. Maji yakiingia, jaketi linakubeba hadi darini, na mlango uko chini yako. Kupiga mbizi huwezi, jaketi limekataa. Ndiyo maana mhudumu anasisitiza: jaza ukishafika mlangoni.

REHEMA: Na sisi wakati huo tunachezea simu.

SALIM: Leul na Yonas walipewa tuzo za urubani, kisha wakaendelea kurusha ndege za shirika lilelile.

REHEMA: Mimi ningeomba kazi ya ofisini.

SALIM: Wewe hata feri ya Likoni unavuka umefumba macho!