Kiu Huchelewa: Mazungumzo na Wavuvi na Wachuuzi wa Samaki, Bagamoyo

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, ndugu zangu, ahsanteni kwa kuacha kazi kidogo.

Fukuto hili la kaskazi mnalijua. Hewa imeshiba unyevu wa bahari, jasho halikauki, linadondoka tu. Na kinachoupoza mwili ni kule kukauka kwa jasho. Kwa hiyo mkaanga samaki pale kwenye karai anapoteza maji na chumvi, joto nalo limemganda.

Wengi mnasubiri kiu ndipo mnywe maji. Kiu huchelewa, ikifika, mwili umeshapungukiwa. Tazameni mkojo. Wa manjano hafifu, vizuri. Ukiwa kama chai ya rangi, nawe umekojoa mara moja tu tangu alfajiri, weka wavu chini, ingia kivulini, unywe.

Wazee ndio wanaonitia uchungu zaidi. Umri hupunguza kiu, na wengine hujinyima maji ili wasiamke usiku kwenda chooni. Bibi yangu alikuwa hivyo. Kikombe chake cha bati tulikijaza asubuhi, tukakifunika kisahani. Magharibi kimejaa vilevile. Maneno yakaanza kumpotea, tukasema ni uzee. Kumbe ulimi umekauka, umepasuka katikati. Ngozi ya mzee ukiifinya haikupi jibu la uhakika, imeshalegea, mtazame ulimi. Wala usimwulize kama ana kiu. Mpe kikombe mkononi, ukae naye mpaka anywe.

Mtoto mchanga akibonyea utosi, au akilia bila machozi, mkimbizeni kituo cha afya huku mama anamnyonyesha.

Dafu ni zuri, ila chumvi yake ni kidogo, halimtoshi aliyeharisha. Huyo apewe ORS, ile dawa ya unga ya pakiti inayochanganywa na maji. Ikikosekana: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vya kusawazisha. Onja kwanza, yakizidi chumvi ya machozi, mwaga, uanze upya.

Mtu akianza kuweweseka, au akianguka mwili unawaka, hapo msingoje. Mtieni kivulini, mvueni nguo nzito, mmwagieni maji mwili mzima, mmoja ampepee kwa kanga, mwingine akatafute bajaji. Asiyejitambua msimtie maji mdomoni, yataingia mapafuni.

Haya, mama wa pale nyuma mwenye mtoto, nimekuona. Uliza.