Ngoma na Viti
Mhadhara wa jioni moja Bagamoyo, kama ulivyotolewa

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za jioni. Na nyie vijana mliojibana hapo mlangoni, shikamoo zenu nimezipokea hata kama hamkuzitoa. (Kicheko.)

Mwenyekiti aliponifuata nyumbani aliniambia mada ni "kufa kwa ngoma za asili", na akanipa dakika 40. Mada nimeikataa, dakika nimezichukua. Ngoma hazijafa. Jumamosi iliyopita mtaa wa pili kutoka kwangu walikuwa wanamtoa mwali, na mimi mwalimu mstaafu mwenye presha sikupata lepe la usingizi mpaka adhana ya alfajiri. Maiti haimnyimi mtu usingizi namna ile.

Ninaloliona mimi ni jingine. Ngoma zipo, ila wachezaji wanapungua na watazamaji wanaongezeka. Na aliyetuletea mtazamaji ni kiti. Ndiyo, hiki hiki mlichokikalia, cheupe cha plastiki, kinachokodishwa pamoja na turubai. Nimelelewa na mjomba aliyekuwa akiwamba ngoma, na mnajua wenyewe: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Basi leo nivumilieni, nitaivutia kwangu.

Nianze na huyo mjomba, kule Mlingotini. Ngozi ya mbuzi aliiloweka usiku kucha, akaikuna manyoya kwa kipande cha chupa, akaiwamba ingali mbichi juu ya mzinga wa mwembe, akaishikiza kwa vigingi vidogo pembeni pande zote. Ikikauka inajikaza yenyewe. Lakini sisi tunakaa pwani. Upepo wa bahari una unyevu, na ngozi inaunywa. Ngoma uliyoiacha asubuhi imekaza, magharibi ukiigonga inalia kama gunia. Ndiyo maana hapakuwa na ngoma bila moto. Anawasha makuti makavu, anaielekeza ngoma uso kwa uso na mwali wa moto, haigusi, anaizungusha kidogo kidogo huku anaigonga kwa ncha ya kidole. Ikisema "du", bado. Ikisema "ti", haya, twende.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye utamu. Ngoma ikishapashwa haidumu. Nyimbo tatu, nne, ngozi imelegea tena, inarudishwa motoni. Kwa hiyo ngoma yenyewe ilikuwa na pumzi. Vumi, ile ngoma kubwa, linapigwa, chapuo, ile ndogo, linadakia, manju, kiongozi wa nyimbo, anatoa wimbo, watu wanaitikia. Kisha kimya, makuti yanawaka. Katika kile kimya ndimo mambo mengi ya kijiji yalimopita. Wanawake wanafunga vibwebwe upya. Kijana anasogea upande aliko binti fulani, anajifanya anaokota makuti. Manju anatunga papo hapo wimbo wa kumsema aliyekopa mpunga hajalipa, na mkopaji yupo hapo hapo anausikia. Mtu aliyekuwa amesimama tu anaombwa ashike upatu kidogo, mwenzake akanywe maji. Akishaushika, keshaingia.

Upatu mnaukumbuka? Sinia la shaba, linagongwa kwa kijiti. Ndio chombo nilichoanzia mimi, nikiwa na miaka saba au minane, kwa sababu bibi yangu alichoka mkono. Hakuna aliyenifundisha. Nilikosea, bibi akanigonga kidole kwa kile kijiti, nikapatia.

Mkeka ulikuwapo, siwadanganyi. Viti hapakuwa.

Sasa niwapitishe kwenye historia, haraka, maana wanahistoria wamo humu nisije nikaumbuka. Mmoja wa watu wa kwanza kuandika kwa kirefu desturi za huku kwetu, ngoma zikiwemo, alikuwa mtu wa hapa hapa Bagamoyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari. Maandishi yake yalichapishwa Ujerumani mwaka 1903. Nikiyasoma huwa nacheka peke yangu, maana ukiondoa tahajia, ni kama anaeleza shughuli ya wiki jana: nani alialikwa, nani alishindana na nani, nani alitumia alichokuwa hana.

Ushindani huo ndio uliozaa beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi. Iliteremka kutoka pwani ya Kenya, ikaingia Tanga, ikaja Dar es Salaam, na Vita vya Kwanza vikaisukuma hadi bara. Watu wakagawana, huyu Marini, yule Arinoti. Marini wakajiona waungwana, Arinoti wakawa wa watu wa kawaida. Walivaa sare, wakapiga gwaride, wakapeana vyeo: kuna kingi, kuna jenerali, kuna dokta. Mpagazi wa bandarini asubuhi, jioni ni jenerali, na mkewe anaitwa mke wa jenerali. Wakoloni waliwatazama kwa jicho la wasiwasi, na walikuwa na haki ya kuwa na wasiwasi. Watu wanaoweza kukusanya michango, kuwekana kwenye safu na kutiiana kwa ajili ya ngoma, wanaweza kufanya hivyo kwa jambo jingine.

Na walifanya. Bibi Titi Mohamed, kabla hamjamjua kwenye siasa, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma Dar es Salaam kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955, alipopewa kazi ya kuwaingiza akina mama TANU, hakuanza na mikutano ya hadhara. Aliwafuata viongozi wa vikundi vya ngoma. Ukimpata manju, umepata waitikiaji wake wote. Nawaomba dada zangu mnaoambiwa kwamba lelemama na ngoma nyingine za wanawake ni mambo ya wasio na kazi, jibu mnalo.

Tunafika kwenye Uhuru, na ndipo viti vinapoingia. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alitangaza wizara ya utamaduni, na katika hotuba ile aliwasuta wasomi wenzake. Alisema wengi wetu tumejifunza kucheza rumba, chachacha, twisti. Akauliza ni wangapi wanaijua, au wamepata hata kuisikia, Gombesugu au Lelemama. Lilikuwa swali zuri. Jibu lake likawa kuunda kikundi cha taifa cha ngoma, na baadaye, mwaka 1981, chuo chetu hiki cha sanaa, ambacho siku hizi tunakiita TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo.

Msininukuu vibaya. Chuo hiki kimetufaa. Bila Bagamoyo kuwa mji wa sanaa, mwanamuziki Hukwe Zawose asingehama na ilimba lake, kile kinanda cha vidole gumba, na zeze lake kutoka Ugogo akaishi hapa hadi alipofariki mwaka 2003. Ni watoto wangapi wa mji huu walisimama dirishani kwake wakiduwaa? Mmoja yuko mbele yenu. Na tamasha la kila mwaka limekuwepo tangu miaka ya mwanzo ya themanini, likaendelea hata ukumbi ulipoungua mwaka 2002.

Lakini jukwaa lina masharti yake. Ngoma ya uwanjani ni duara. Wapigaji pembeni au katikati, watu wamezunguka, na anayecheza anamtazama anayecheza. Ukiipandisha jukwaani, mgeni rasmi amekaa upande mmoja. Ukicheza duara, nusu ya wachezaji wanampa mgongo, na kwa desturi zetu huwezi kumpa mkubwa mgongo. Basi duara likafunguliwa likawa nusu duara, kisha likanyooshwa likawa mistari miwili. Ngoma ya usiku kucha ikawa ya dakika 10, halafu ya dakika 5. Ile pumzi ya moto ikakatwa. Sindimba ya Wamakonde ikafika kila shule ya msingi nchini, watoto wa Kikwere na Kihaya wakaikatikia viunoni, na ilikuwa raha kweli kweli, ila ilifika ikiwa imekatwa miguu na kuvalishwa sare.

Mimi mwenyewe nimeshiriki dhambi hiyo. Mwaka mmoja nilikuwa na kikundi cha ngoma cha shule, tukaambiwa tumpokee mgeni mkubwa saa nne asubuhi. Tumepewa dakika nne. Tukapasha ngoma saa tatu na nusu, zikawa zinalia ti, ti, safi kabisa. Mgeni hakutokea. Saa tano, hakuna. Saa sita, upepo wa bahari umeshaanza, watoto wanalowa jasho ndani ya njuga, na hairuhusiwi kuwasha moto karibu na jukwaa lenye mapambo. Alipofika saa saba kasoro, vumi langu lililia kama mtu anayekohoa. Watoto wakacheza hivyo hivyo. Mgeni akapiga makofi, akatazama saa. Nilitamani ardhi ipasuke. Mjomba alikuwepo, amesimama kwa mbali, aliniambia neno moja tu: "Mwanangu, ngoma haingoji gari."

Kwa nini nalaumu kiti badala ya jukwaa? Kwa sababu jukwaa liko moja, viti viko kila harusi. Nendeni kwenye shughuli yoyote mtaani leo: turubai, viti 200 vimepangwa safu kwa safu, vyote vinatazama meza kuu, spika mbili kama kabati, na mshereheshaji anawaamuru watu wacheze. Watu wazima, waliokuwa wakiingia uwanjani bila kualikwa, sasa wanasubiri waitwe kwa meza. Kilichobaki cha zamani ni kutunza. Wimbo ukimgusa mtu, anainuka na noti yake, anakwenda kwa mdundo, anaweka, anarudi kwa mdundo. Zile hatua kumi za kwenda na kurudi ndiyo ngoma yake yote ya usiku huo. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wazee. Sasa anayetunza ndiye anayebakiziwa nafasi ya kucheza.

Ngoma moja imekishinda kiti: mdundiko. Huwezi kuuwekea viti kwa sababu unatembea. Wazaramo na jirani zao wanamtoa mwali, mdundiko unaanza nyumbani, unakata mitaa, na kila nyumba unayopita unaondoka na mtu. Wanaokumbuka utoto wao wa pwani wanakumbuka na onyo la mama: "Usifuate mdundiko." Niliufuata. Niliokotwa Kaole, giza limeshaingia, sina kiatu kimoja, na fimbo nilizokula sijutii hata moja. Hawa vijana wa singeli wanaotukera na kasi yao, ni wajukuu wa huo huo mdundiko na wa muziki wa mchiriku. Nikiwaona wanaufuata muziki barabarani huku wanatimua vumbi, mimi siwaoni wahuni. Nawaona wamesimama.

(Mzee mmoja kutoka safu ya mbele: "Mwalimu, na sisi wenye magoti mabovu tukae wapi?")

Babu yangu, shikamoo tena. Umenibana, na ni haki yako. Bibi yangu miaka yake ya mwisho hakuweza kusimama. Alikaa mkekani, ila mkeka ulitandikwa ndani ya duara, karibu na vumi, si nje. Upatu alikuwa nao. Chapuo likichapia aliligeukia na kulitolea jicho, na mpigaji akajirekebisha. Kwa hiyo nalegeza kamba kidogo: kiti tukiache, ila tukigeuze. Kisitazame meza kuu, kitazame watu.

Nina ombi moja kwa kamati za harusi, na si la gharama. Kwenye bajeti yenu, chini ya turubai na jenereta, andikeni makuti makavu mizigo miwili. Na mmwambie mshereheshaji ngoma ikirudi motoni anyamaze, asijaze lile pengo kwa spika.

Dakika zangu zimekwisha, namwona mwenyekiti ananionyesha saa. Mama wa kitenge cha njano, mkono wako uko juu tangu kwenye mdundiko. Karibu.